Friza Yangu Nyumbani kwa Mke Mwenzangu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba radi na akatuumbia masikio ya kuivumilia inapopita. Namshukuru kwa uzee alionipa nikiwa bado na macho yanayosoma na magoti yanayokubali kusujudu. Namwomba rehema na amani zimfikie Mtume wake, na ulimi wangu ausimamie, usiongeze chumvi wala usifiche.

Nataka kueleza habari ya umeme. Lakini umeme kwetu uliingia pamoja na wivu, na sijui namna ya kueleza kimoja nikakiacha kingine.

Nilizaliwa Nkome, kando ya ziwa, katika nyumba iliyonuka dagaa mwaka mzima. Baba yangu alikuwa mvuvi na mwalimu wa madrasa, akanifundisha herufi za Kiarabu kabla sijajua kupara samaki. Niliolewa na Msukuma wa Kishapu, mtu wa ng'ombe na pamba aliyesilimu ujanani, na tukahamia huku karibu na machimbo ya Bulyanhulu wakati watu walipokuwa wakiingia na sururu na karai. Yeye hakuchimba. Aliwauzia wachinjaji ng'ombe, na wachinjaji wakawalisha wachimbaji. Mimi nilifundisha watoto dini barazani kwangu, nikauza samaki waliotumwa kutoka kwetu. Watoto wangu wamekua na wametawanyika. Watu wa hapa, wakubwa kwa wadogo, huniita Mama Samaki, na jina hilo nimelipenda kuliko mengine yote, kwa sababu sikupewa na mume wala mtoto.

Mke mwenzangu alikuja baadaye. Ni mwalimu wa shule ya msingi, anafundisha sayansi darasa la sita, na bado hajajaliwa mtoto. Yeye huniita dada. Mimi namwita mwalimu, kama wanavyomwita watu wote. Kumwita mdogo wangu kulinishinda mwanzoni, na baadaye nikaona mwalimu inatosha.

Mume wetu, Mungu amlipe kheri, ni mtu anayeogopa kuulizwa Siku ya Hesabu kwa nini alimpendelea mmoja. Akinunua kitenge, hununua viwili vya rangi moja, hata kama hakuna kati yetu anayeipenda. Akichinja mbuzi, paja moja huku na paja moja kule, na ini hulikata mbele yetu, macho yetu yakifuata kisu. Mnadani watu humtania kwamba angezaliwa mizani. Zamu zake za kulala hazijawahi kuteleza, hata wakati wa mvua kubwa zizi linapogeuka tope na kulivuka ni adhabu.

Zizi hilo ndilo linalotutenganisha. Nyumba yangu iko nyuma, ng'ambo ya zizi na shamba la mihogo, kwa sababu nilijenga kwanza, barabara ikiwa haijachongwa. Ya mwalimu iko mbele, barabarani. Nikisimama barazani naliona bati lake likimeta. Wivu wa mke mwenza hauna kelele, unakaa na kuangalia. Nilijua siku aliyopaka ukuta rangi, siku aliyoanika mapazia mapya, siku alizochelewa kuzima taa akisahihisha madaftari.

Nguzo za umeme zilipofika, zilifuata barabara. Mita ikawekwa karibu na nguzo, yaani ukutani kwa mwalimu. Nilisema alhamdulillahi kwa mdomo. Moyoni nilijiuliza ni lini barabara itajifunza adabu ya kumtambua mke wa kwanza.

Mume wetu akatuita sote wawili dukani. Akanunua roli moja ya waya, akatupa tuushike, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeonyesha kitambaa. "Ni mmoja huu," akasema. "Ukiingia kwa huyu ni huu, ukiingia kwa yule ni huu. Mmeridhika?" Tukasema tumeridhika. Fundi akakata. Kipande kifupi kikaingia ndani kwa mwalimu. Kirefu kikapita juu ya miti ya mikaratusi, kikavuka zizi na mihogo, kikafika kwangu. Pale kilipoishia, chini ya ukingo wa paa langu, akaunga kingine kwa kusokota na kuzungushia utepe mweusi. Tukapewa taa za aina moja, idadi sawa. Siku ile taa zilipowaka nyumba zote mbili, sikuwa na wivu na mtu yeyote.

Wivu ulirudi kupitia maji ya kunywa. Mwalimu alinunua friji ndogo kwa mshahara wake. Mume wetu akirudi kwangu baada ya zamu ya kule, alikuwa akinywa maji ya mtungini kwangu na kusema, bila ubaya wowote, "Ya kule ni baridi." Alisema hivyo mara nyingi kuliko alivyojua.

Nami nikanunua friza. Si friji, friza, kubwa na nyeupe, ile ya kulala kama sanduku, kwa faida ya samaki niliyoiweka kwa muda mrefu. Ilikuwa imetumika mahali pengine, lakini niliiona ikifanya kazi dukani kabla sijalipa. Kabla ya hapo sato na sangara wangu walikuwa wakifika kutoka Nkome kila Alhamisi wakiwa kwenye boksi la barafu, nami nilihangaika kuwauza wote kabla barafu haijayeyuka, mara nyingi kwa bei ya kubembeleza. Friza ingenipa pumzi. Vijana wanne waliibeba hadi sebuleni kwangu. Nikasoma bismillahi, nikachomeka.

Ikanguruma, ikatetemeka, ikasema tak, ikanyamaza. Kile kifaa cha kulinda friji nilichouziwa pamoja nayo kikawasha taa nyekundu. Baada ya muda kikageuka kijani, friza ikajaribu tena. Ngurumo, tak, nyekundu. Nikaangalia juu. Taa ya dari ilipepesa kidogo ikaendelea kung'aa vizuri kabisa.

Basi umeme umo, nikawaza. Kama umo, ni nani anayeuzuia usiingie kwenye friza?

Hesabu ya wivu ni nyepesi, hata mtoto wa chekechea anaiweza. Mita iko kwake. Umeme unapita kwake kwanza. Ana friji, ana pasi, ana birika linalochemsha maji kabla hujamaliza kufunga kilemba. Anachota anavyotaka, na kinachobaki ndicho kinachovuka zizi kuja kwangu. Ni kama maji ya mtaro: wa juu akichota sana, wa chini anapata tope.

Nilimweleza mume wangu asubuhi, tukinywa uji.

"Baba, mwenzangu anamaliza umeme."

"Umeme unamalizwaje? Si mita inasoma?"

"Mita anaisoma yeye. Mimi nasoma taa nyekundu."

"Mayu," akasema, maana akitaka kunituliza huniita mama kwa Kisukuma, "waya ni mmoja. Niliukata mbele yenu."

"Waya ni mmoja, sawa. Kinachopita ndani ulikikata mbele ya nani?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hicho," akasema, "sijui kinakatwaje." Akachukua fimbo yake akaenda kwa mwalimu.

Jioni mwalimu akaja. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Mzee ameniambia. Jumamosi sina shule. Nitazima kila kitu kwangu tangu asubuhi, hata taa ya choo, nawe ujaribu."

Nilitamani akatae. Angekataa ningekuwa na kitu cha kushika. Jumamosi akazima kila kitu, kisha akaja kukaa barazani kwangu na daftari zake, ili nione kwamba hajabaki kule kuchemsha maji kwa siri. Nikachomeka. Ngurumo, tak, nyekundu. Nikachomoa, nikasubiri, nikachomeka tena. Mwalimu aliinuka, akasogea, akaiangalia ile taa nyekundu kwa muda mrefu. Uso wake haukuwa na ushindi wowote. Ulikuwa kama wa mtu aliyeonyeshwa fumbo, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenicheka.

Wakati huo boksi la Alhamisi lilikuwa limekwisha kufika. Barafu ilikuwa imebaki vipande, na macho ya samaki yalianza kupoteza mng'ao. Mume wetu akafunua, akanusa, akafunika.

"Friza iende kwa mwalimu," akasema. "Kwa muda tu."

"Samaki ndio waende, au friza ndiyo iende?"

"Samaki watakaa wapi bila friza?"

"Na wateja?"

"Wateja wataifuata friza."

"Ndicho ninachokisema."

Akawaita vijana. Samaki hawangojei watu wapatane. Biashara ile ndiyo iliyokuwa kitu pekee nilichokiita changu katika boma lile, ambacho hakikukatwa katikati mbele ya macho ya mtu. Sasa ama kioze kwangu, ama kistawi kwake. Nilisema, "Bebeni," nikaingia ndani nikaswali rakaa mbili ili nisiione ikipakiwa kwenye guta la magurudumu matatu. Niliisikia hata hivyo, ikigongagonga kwenye mashimo ya njia ya zizi.

Kwa mwalimu ilichomekwa ikawaka papo hapo. Ikanguruma bila kusita, kama ng'ombe aliyeshiba anayecheua. Sijawahi kuuchukia mlio wa afya kama nilivyouchukia ule.

Mwalimu hakuniomba chochote. Alikubali friza ichukue nusu ya ukumbi wake mdogo. Alikuwa akiuza baada ya shule, na siku nyingine mimi mwenyewe nilikwenda kukaa pale asubuhi, kwenye kiti chake, chini ya ukuta wake wenye rangi. Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akiniletea mauzo yote, hayakosi kitu. Wakati mwingine nilitamani angeiba hata kidogo.

Habari zikaenea haraka kwa sababu sehemu hii inaishi kwa kula. Mama mmoja anayewapikia wachimbaji, mteja wangu wa miaka, alinikuta njiani akaweka ndoo chini ili anitanie vizuri.

"Bi mkubwa, umestaafu? Naona samaki wamehamia kwa bi mdogo."

"Hawajahama. Wamelazwa."

"Basi tutakwenda kuwaona wagonjwa hukohuko. Huko kuna na kiti cha kukalia."

Nikacheka naye, kwa sababu asiyecheka huongezewa. Lakini siku moja nilikuwa nikivuka shamba la mihogo nikawasikia vijana waliotoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, wakiwa wamesimama mlangoni kwake wamejaa vumbi. Mmoja akaita, "Mama Samaki, sato yupo?" Na mwalimu akaitika kutoka ndani, "Yupo, ngojeni."

Nilisimama palepale kati ya mihogo. Angejibu nini? Angewaambia warekebishe jina kwanza ndipo wapate samaki? Akili yangu iliyasema yote hayo. Moyo wangu haukusikiliza. Tumesoma kwamba hata nyumba bora kuliko zetu ziliujua wivu, na nilijifariji kwa hilo, nikageuka nikarudi kwangu bila kuchukua nilichokuwa nimekifuata.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Kisha Jumamosi moja asubuhi mwalimu akaja amebeba pasi mkononi na mfuko begani.

"Dada, ile taa nyekundu haijaniacha. Nimeazima kipimo kwa fundi wa dukani. Niruhusu nipime soketi yako."

Nilimruhusu. Kipimo kilikuwa kidude chenye kioo cha namba na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Akaziingiza kwenye tundu za soketi kwa uangalifu, bila kugusa chuma. Namba ikatulia kwenye mia mbili na ishirini.

"Kwangu asubuhi hii imesoma hivihivi," akasema.

"Kwa hiyo sijaibiwa."

"Hujaibiwa, dada."

Naomba nieleweke: nilisikitika. Wiki zote zile nilikuwa nimelea mwizi moyoni, na sasa mwizi ameondolewa na nafasi yake iko wazi.

Soketi ilikuwa ya nafasi mbili; akaacha kipimo kwenye nafasi moja, akachomeka pasi kwenye ya pili. Namba ikateleza, ikashuka chini ya mia mbili. Akachomoa. Ikapanda ikarudi palepale. Akachomeka tena, ikashuka tena. Nilivuta kigoda.

"Eleza," nikamwambia.

"Namba hii tunaiita volti. Ni msukumo. Msukumo unakaa hapa kwenye soketi hata kama hakuna kinachopita, unangoja tu. Kinachopita ndicho mkondo, na huo hupimwa kwa ampea. Taa yako inavuta mkondo mdogo sana, ndiyo maana inawaka bila taabu. Pasi inavuta mwingi. Friza ile mota yake inapoanza kuzunguka inavuta mwingi kuliko pasi."

"Na mkondo huo unamalizikia kwenye pasi?"

"Haumaliziki. Uliokuja ndio unaorudi, mwingi vilevile. Unakuja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, ndiyo maana ndani ya ganda hili kuna nyaya mbili. Ni mzunguko. Ukiukata popote, kila kitu kinasimama."

Hapo palinichoma, maana hesabu yangu yote ilikuwa imejengwa juu ya kumalizika. Nikamuuliza, "Sasa kinachopungua ni nini, kama si mkondo?"

"Msukumo. Waya una ukinzani, unaupinga mkondo. Waya ukiwa mrefu unapinga zaidi. Ukiwa mwembamba unapinga zaidi. Na kadiri mkondo unavyokuwa mwingi, ndivyo msukumo mwingi unavyopotelea njiani. Njoo uone."

Akanipeleka nje, akanionyesha juu, pale waya ulipoungwa chini ya ukingo wa paa. Utepe mweusi ulikuwa umelainika na kulegea, ukiwa na alama ya kuungua. "Msukumo wako mwingine umeishia pale," akasema. "Umegeuka joto. Friza ikianza, msukumo unashuka, na kile kifaa chako kinakata na kuwasha taa nyekundu."

Nilisimama nikiutazama utepe ule, na akilini likanijia bomba la wanawake msikitini. Tangi liko juu ya mnara wa vyuma upande wa wanaume. Mabomba yao yako chini ya tangi, manene. Sisi tunaletewa maji ya kutawadha kwa kimpira chembamba kilichozunguka jengo zima. Miaka mingi tulilalamika kwamba wanaume wanatumalizia maji. Lakini niliwahi kufika mapema, hakuna hata mwanamume mmoja, tangi limejaa. Nilipoziba mdomo wa bomba kwa kidole na kulifungua, kidole kilisukumwa kwa nguvu kweli. Nilipokitoa, maji yakatoka kwa muda mfupi, kisha yakawa uzi uleule wa siku zote.

Nikamweleza mwalimu. "Msukumo ulikuwepo nilipoziba," nikasema. "Maji yalipoanza kupita ndipo ulipopotea. Na hakuna mwanamume aliyekuwa akichota."

Alinitazama, akatabasamu polepole. "Dada, hicho ndicho. Nitawaambia darasa la sita."

Nilifurahi, kisha wivu ukanigonga tena hapohapo, kwamba nimempa kitu changu kingine akakiuze kwa wanafunzi wake.

Tukaenda kwake na pasi. Akapima kabla na baada. Namba ilicheza kidogo tu, haikushuka. Pasi ileile, siku ileile, na waya, kama alivyosema mume wetu, ni wa roli moja. Mwalimu akanyoosha mkono kuelekea zizi na mihogo na paa langu kule nyuma. "Waya ni uleule, dada. Njia ndiyo haifanani."

Basi mume wetu alikuwa ametukatia sawa kwa sawa, sisi wenyewe tukiushika na kuridhika, na usawa ule ndio ulioikausha friza yangu. Kwa taa ulitosha. Kwa kazi nzito, nyumba ya mbali ilihitaji waya mnene kuliko nyumba ya karibu.

Tulimweleza jioni ile akiwa amekaa kwenye kigoda chake nje ya zizi, ng'ombe wakiingia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kuelewa umeme hakukumpa taabu. Taabu yake ilikuwa nyingine.

"Nikimnunulia huyu waya mnene," akamwambia mwalimu, "wewe nikununulie nini?"

"Usininunulie kitu, mzee."

"Leo unasema usininunulie. Kesho utaniangalia ukiwa unanimwagia maji ya kunawa."

"Mimi huwa nakuangalia?"

"Sana. Na huyu bi mkubwa ndiye aliyekufundisha."

Tulicheka wote watatu, na ng'ombe mmoja akageuza kichwa. Kisha akawa mzito tena. "Basi niwanunulie wote mnene."

"Wa kwangu wa nini?" mwalimu akasema. "Utakuwa umetupa tu."

"Nikipeleka kitu nyumba moja na nyingine nisipeleke, nitajibu nini mbele ya Mungu?" Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesoma dini hapa. Nijibu wewe."

Hilo sikulitegemea. Mtu mwenye wivu akiambiwa ahukumu kesi yake mwenyewe, na hukumu sahihi ikawa ni ile inayompendeza, hujui utoe kwa sauti gani. Niliukagua ulimi wangu kwanza. Nilijua angeuliza kwa mwingine msikitini angepata jibu hilohilo, lakini nilitaka nilisikie mwenyewe kama linanuka.

Nikamwambia, "Mmoja wetu akiugua malaria, utamnunulia dawa. Mzima hutampelekea dawa ili mlingane. Utakuwa umemwonea?"

"Hapana."

"Uadilifu ni kila mmoja afikiwe na haja yake. Huyu umeme umemfikia. Mimi bado."

Akamtazama mwalimu. Mwalimu akasema, "Dada amesema kweli." Akasema akiangalia chini.

Waya mnene ukaja, wa rangi nyeusi, mgumu kukunja, wakauteremsha barabarani mbele ya mlango wa mwalimu kwa sababu mita iko pale. Alitoka, akainama, akaushika kati ya vidole viwili kama tulivyofanya siku ile dukani. "Ni mzuri," akasema. Kisha akasema, "Mimi ule wangu unanitosha." Akarudia tena, "Unanitosha." Nililiona koo lake likimeza. Nalijua koo lile vizuri, ninalo mwenyewe. Na nikiwa mkweli mbele ya Mola wangu, kwa muda mfupi lilinipa raha.

Fundi akaupitisha mzima, bila kiungo njiani, kutoka kwenye mita hadi kwangu. Pasi ikachomekwa soketini kwangu, namba ikashuka kidogo, ikasimama. Guta likaitwa.

Mwalimu alikuwa ameifuta friza ndani na nje. Vijana walipokuwa wakiinyanyua alisimama kando akishika pindo la khanga yake.

"Nitawakosa watu, dada," akasema. "Shule ikifunga, huku kunakuwa kimya sana."

"Si una barabara?"

"Barabara inapita tu." Akalikunja pindo lile. "Unajua, wale vijana wakiniita mama, mara ya kwanza sikuitika. Sikujua kama ni mimi. Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa mama na mtu."

Nilikuwa nimelichukua jina lile kama mali iliyoibwa, na yeye alikuwa akilipokea kama mtu anayepewa mtoto wa mwenzake ambebe kidogo. Nilimwambia tu, "Jumamosi huna shule. Njoo tuuze wote."

Friza inanguruma sasa sebuleni kwangu, taa ya kijani usiku na mchana, na samaki wa Alhamisi wanakaa hadi Alhamisi nyingine. Wateja wamerudi kuvuka zizi. Nikigusa kifuniko chake namshukuru Mungu, kisha namshukuru tena kwa ajili ya yule aliyeazima kipimo, ingawa shukrani ya pili hutoka taratibu.

Jumamosi mwalimu huja. Anakaa upande wa mlangoni, mimi upande wa mizani. Anawachekesha vijana wa maduara, anawauliza kama wamepata kitu shimoni au wamepata vumbi tu, na wao wananunua zaidi ya walivyokusudia. Hunifanyia biashara nzuri. Nami naona wanavyomwelekea yeye kwanza wakifika, hata wale niliowauzia tangu wakiwa wageni hapa, na wivu unaamka upya, wa asubuhi, mbichi. Ukizidi namwachia mizani, naingia ndani, natawadha, naswali dhuha. Nikitoka bado yuko pale na watu wake wanacheka, nami nakaa mahali pangu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akufikishie riziki yako bila kupungua njiani, iwe nyumba yako iko barabarani au nyuma ya zizi. Akupe jirani mkweli, moyo unaoweza kukaa naye, na subira ya siku ambazo moyo hautaki. Amina.